Kijiji kilivyopotea kwenye regresheni yangu

Msimamizi wangu alinirudishia sura ya nne ya tasnifu yangu ikiwa na swali moja tu pembeni: "Na huo umaskini wa kaya umetoka wapi?"

Nilikuwa nachambua data za mkoa wa Kagera, Tanzania, zile za kaya zaidi ya 900 zilizohojiwa kati ya 1991 na 1994, watu wake wakatafutwa tena 2004 na 2010, hata waliokwisha kuhama mkoa. Nilitaka kujua kama kijiji alichokulia mtoto kinamwongezea au kumpunguzia miaka ya shule. Nikajenga regresheni, yaani hesabu ya kupima jambo moja linavyoendana na jingine, ya ngazi nyingi: watoto ndani ya kaya, kaya ndani ya vijiji, nikaingiza na mali ya kaya ya 2004 ili nilinganishe walio sawa. Athari ya kijiji ikayeyuka. Nami nikaandika, kwa mbwembwe, kwamba kijiji si kitu.

Swali lile likanikumbusha butura. Mkulima aliye mbali na barabara huuza kahawa ikingali mtini, kwa bei ya kutupa, na ada ya sekondari huondokea hapo. Umaskini wa kaya, basi, ni njia mojawapo kinamopita kijiji kumfikia mtoto. Nilikuwa nimeiziba njia niliyokuja kuipima! Kuuacha nje nako hakufai, maana wenye nacho ndio wanaohamia Bukoba mjini, yaani mali nayo huamua mtoto akulie wapi.

Nilikwama miezi miwili. Wamarekani, kuanzia mwaka 1994, waligawa vocha za kuhama kwa bahati nasibu kwa familia za makazi ya umma katika miji mitano, hivyo kura, si mali, ndiyo iliyoamua nani apewe nafasi ya kuhama. Kagera hakuna aliyechezesha kura. Kilichoniokoa ni mbinu ya mwanaepidemiolojia James Robins, ambayo wanasosholojia Wodtke, Harding na Elwert waliitumia 2011 kuchunguza nani anamaliza sekondari Marekani. Unakadiria uwezekano wa mtoto kuishi pale alipoishi, ukiangalia hali yake ya kabla, kisha unagawa moja kwa uwezekano huo kupata uzito wake. Mtoto wa kaya fukara aliyekulia kijiji chenye neema ni adimu, kwa hiyo anahesabiwa zaidi.

Mara ya kwanza mtoto mmoja alibeba uzito wa darasa zima, ikabidi nipunguze uzito uliopita kiasi. Kijiji kikarudi, ila kwa maeneo 51 tu makadirio yanayumba, na nimeandika hivyo hivyo. Jopo likauliza habari za wale ambao hawakupatikana 2010. Nikawaongezea uzito waliopatikana wanaofanana nao, nikahitimu muhula mmoja baadaye.