Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa ujenzi wa nyumba za bei nafuu

Saa 12 asubuhi. Kabla mafundi hawajafika, mimi na kijana wa maji tunazungukia nguzo zilizomwagwa juzi. Zimevikwa magunia, na magunia lazima yawe yameloa. Zege linataka unyevu siku 7 kwa uchache, na nguvu aliyoihesabu mhandisi ni ile ya siku ya 28. Watu wakisikia nyumba za bei nafuu hudhani hapa ndipo tunapobana. Hapana. Atakayehamia hapa hana akiba ya kuziba nyufa, kwa hiyo ukuta wake usiwe na ubabaishaji hata kidogo.

Saa 2. Zege la linta, ile boriti inayopita juu ya milango na madirisha. Kabla ndoo ya kwanza haijapanda tunapima ulaini: koni ya chuma ya sentimita 30 inajazwa kwa tabaka 3, kila tabaka linachomwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha koni inanyanyuliwa taratibu na zege linashuka lenyewe. Leo limeshuka kupita kiasi. Mtu kaongeza maji.

“Mzee, likiwa zito mikono inauma,” ananiambia saidia fundi.

Namwelewa, kazi ya koleo ni ngumu. Lakini maji yakizidi, nguvu inapungua. Mchanganyiko huo tumeumwaga kwenye njia ya miguu, tukakoroga mwingine.

Saa 5. Mgeni kutoka kwa wafadhili anauliza tutaokoa kiasi gani tukipunguza nondo. Nikampeleka kwenye mchoro, kwa sababu unafuu unaanzia pale. Nyumba zinagawana ukuta mmoja. Bafu na jiko zimegeuziana migongo, zikapangwa juu kwa juu, hivyo bomba moja la maji taka linahudumia nyumba nne. Madirisha yote ni ya kipimo kimoja, fundi hakati vioo vya kila namna. Tofali ni za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, hazichomwi na hazihitaji mchanga na saruji vya kuungia. Nondo zinabaki vilevile.

Saa 7, mapumziko.

Saa 9. Mama mmoja aliyeomba nyumba amekuja kuangalia. Hakuuliza rangi wala vigae. “Mwanangu, kutoka hapa hadi kazini ni nauli ngapi?” Swali hilo lingeulizwa kabla ya kununua kila kiwanja. Kanuni inayotumika sana inasema makazi yasile zaidi ya 30% ya kipato, ila kodi ikishuka na nauli ikapanda, familia imepata nini? Meksiko ilijenga nyumba nyingi mno za mikopo pembezoni mwa miji miaka ya 2000, na nyingi ziliachwa tupu kwa sababu kazi, shule na usafiri vilikuwa mbali. Ardhi ya mbali ni rahisi siku ya kuinunua tu.

Saa 11. Mafundi wameondoka, nimebaki na hesabu. Saruji ipo ya siku tatu. Kinachonikosesha raha ni riba: kila mwezi tunaochelewa, mkopo wa ujenzi unakua, na mwisho wa yote mzigo unaingia kwenye kodi ya yule mama. Barua yetu ya kuunganishwa na bomba kuu la maji taka haijajibiwa. Kesho nikishamaliza kumwagilia nguzo, naenda kuifuatilia mwenyewe.