Hi-Point C9, Jumamosi ya nne: risasi zimeacha kwenda chini kushoto

Zimeacha. Naandika leo hii hii, mikono bado inanuka baruti, kwa sababu kuna kitu kimoja sikukiandika wiki tatu zilizopita na nimekilipia kwa karibu boksi zima la risasi.

Bastola ni ileile ya Jumamosi ya kwanza: Hi-Point C9 ya 9mm, mpya, chini ya dola 200. Mimi niko Columbus, nayo inatengenezwa Mansfield, humu humu Ohio, kama saa moja na ushee kwa gari. Watu huibeza kwa unene, lakini unene huo una kazi. Kwenye bastola nyingi za 9mm, mtutu na slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga) hufungamana kwa muda risasi inapotoka. Hii haina kufuli hiyo. Kinachoizuia slaidi isirudi mapema ni springi na uzito wake yenyewe, ndiyo maana slaidi ni donge la aloi ya zinki. Muundo rahisi, bei rahisi, na mimi naupenda.

Mpango wa awali ulikuwa kulinganisha risasi za greni 115 na za 124 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi). Mpango huo ulikufa siku ya kwanza. Yadi 7, magazini ya kwanza, zote nane zikatua chini kushoto, kama sentimita 8 kutoka kitovuni, zimesongamana vizuri kabisa. Msongamano huo ndio ulionipoteza. Nilijiambia kwamba mkono mbovu hutawanya risasi. Zikienda mahali pamoja, basi kosa liko kwenye vilengeo.

Kilengeo cha nyuma cha C9 kina skrubu za kukipandisha na kukisogeza kando, kitu ambacho bastola nyingi za bei mara tatu hazina. Nikashika bisibisi. Pandisha, sogeza kulia, piga, pandisha tena. Sikuhesabu mizunguko! Jumamosi ya pili nikaegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga ili nijiondoe kwenye hesabu, na bado zikaenda kulekule. Nikarudi nyumbani nina hakika kabisa kwamba vilengeo vimepinda.

Kilichonishtua ni hesabu. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele nilipima kwa rula, karibu sentimita 14. Yadi 7 ni mita 6.4. Ili risasi ikosee sentimita 8 kwa umbali huo, kilengeo kiwe kimekaa vibaya kwa karibu milimita 2. Milimita 2 unaziona kwa macho. Nilikaa na ile bastola mezani, tupu, magazini imetolewa, nikaikodolea macho chini ya taa. Vilengeo vilikuwa vimenyooka, ukiacha pale nilipovipindisha mwenyewe.

Jumamosi ya tatu nikajaribu mkono wa kushoto. Zikaenda chini kulia. Kosa la vilengeo haligeuki na mkono. Hapo sikuwa na pa kujificha tena, lakini kujua si kuona, na mimi nilitaka kuona.

Leo nikaenda na shemeji. Nikampa magazini mbili na risasi bandia za plastiki, nikamwomba achanganye nisione.

"Ngapi bandia?" nikamuuliza.

"Shemeji, ukijua haina maana. Wewe fyatua tu."

Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu, nikavuta triga, kimya, na mdomo wa mtutu ukainama mbele ya macho yangu kama mtu anayesujudu. Hakuna mlipuko, hakuna teke la bastola kuruka nyuma, na bado mkono wangu uliisukuma bastola chini kulipokea teke ambalo halikuja. Risasi hutoka kwenye mtutu ule wa inchi 3.5 kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde; teke halipati nafasi kubwa ya kuiharibu shabaha. Kila kitu huharibika kabla. Na kwa kuwa nilikuwa nashtuka kwa namna ileile kila mara, matundu yalisongamana mahali pamoja, mfuko wa mchanga au bila mfuko.

Tukarudia, bandia nyingi kuliko za kweli. Nikabana zaidi kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikaulegeza, na triga nikaivuta polepole kiasi cha kutojua italia lini. Kama kwenye bandia ya kumi na mbili hivi, mtutu ukabaki umetulia. Shemeji akanigusa bega.

Halafu magazini nzima ya kweli. Nane zote, juu kulia.

Nilifurahi kuliko ningeona nane za katikati, maana huo ulikuwa ushahidi: ile ilikuwa bisibisi yangu ya Jumamosi ya kwanza inaongea. Sasa nirudishe skrubu, lakini kwa mizunguko mingapi? Ndicho nilichokosa kuandika. Ikanibidi kubahatisha robo kwa robo, risasi tatu kila robo, hadi boksi likakaribia kwisha. Iandikwe sasa: alama ya kalamu nyeupe iko kwenye skrubu zote mbili, na hapo ndipo zinapobaki.

Magazini ya mwisho: saba ndani ya duara la sentimita 7 katikati, moja imetoroka chini kushoto. Naijua hiyo moja, niliisikia mkononi kabla haijalia.

Wiki ijayo nilipanga kurudi kwenye greni 115 na 124. Lakini nikiwa nafungasha nimekiona tena kile kilengeo cha duara kilichokuja ndani ya boksi la bastola, cha kuchungulia katikati ya tundu, na sijawahi kukifunga. Kiko mezani sasa hivi pamoja na bisibisi, na safari hii daftari liko pembeni. Skrubu ya kando: mizunguko miwili na robo hadi kutoka.