Siku yangu na kijiko kimoja

Saa 1 asubuhi nakagua mkoba: utepe wa kupimia mkono, daftari, picha za makundi ya vyakula, kijiko. Ukisema wewe ni mwelimishaji wa lishe, watu wanadhani unazunguka na mizani na lawama. Zana yangu kubwa ni hicho kijiko.

Saa 3 akina mama 12 wamefika. Swali la kwanza ni lile lile: "Leo umetuletea nini?" Sijaleta kitu. Watatu wanakumbuka ghafla kwamba wameacha nguo kwenye maji.

Kupima mikono ya watoto kunaenda haraka; rangi ya utepe ndiyo inayosema hali ya lishe. Kijani, kijani, kijani. Halafu njano: sentimita 11.9, mtoto wa miezi 10. Chini ya 11.5 ingekuwa nyekundu, hospitali leo leo. Hii naiandikia kliniki na nitamrudia. Mama yake anaufunika utepe kwa kiganja, wenzake wasione.

Hapo ndipo bibi wa mtoto alipoingia. "Mjukuu wangu anamaliza vikombe viwili vya uji, njaa ya wapi?" Nikaomba kuuona. Nikauchota, nikainamisha kijiko, ukatiririka kama maji. Nikaanza somo: tumbo la mtoto ni dogo, linajaa maji kabla ya chakula, uji wake unatakiwa ukae kijikoni, usikimbie. Akanikatiza. Yeye kalea saba kwa uji huo huo, mimi nimelea wangapi? Wawili. Kicheko. Tulibishana mpaka jua likatufikia miguuni, mimi koo limekauka, yeye ndiyo kwanza anapasha. Mwishowe akashusha sauti: "Mwanangu, ukiwa mzito unga haumalizi wiki. Tuko sita."

Nikanyamaza. Miaka yote hii nimekuwa nikifundisha uji mzito kana kwamba watu hawajui kukoroga.

"Basi bibi, pika mzito kwanza. Mtolee mtoto fungu lake, ndipo uwaongezee wengine maji. Na maharage mpondee, usimpe mchuzi mtupu."

Akafikiri. "Hilo linawezekana."

Mchana nyumba tatu, saa sikuziangalia tena. Miguu ilikuwa inawaka. Nyumba moja niliwakuta wanashushia mlo kwa chai. Nikasema inazuia mwili kufyonza madini ya chuma, wasubiri kidogo, nikaondoka kabla sijaulizwa zaidi.

Jioni, fomu. Idadi ya waliofikiwa asubuhi: 10, nikimhesabu na bibi. Kijiko kimebaki kwake.