Siku moja ya rubani msaidizi wa ndege ya mizigo, Tanga

Saa 10:30 alfajiri. Nakaa kata ya Mabawa (ndiyo, rubani wa Mabawa, utani huo umeshachakaa) na uwanjani naenda kwa baiskeli kama nusu ya mji huu. Shati jeupe lenye mistari miwili begani limekunjwa ndani ya begi. Saa tatu za mwanzo ni za fulana na glavu.

Kwanza, saa zenyewe. Mteja wa Tanga anaambiwa ndege inaondoka saa 1 asubuhi. Ofisi inaandika 07:00. Mpango wa safari unasema 0400, kwa sababu usafiri wa anga duniani kote huandikwa kwa UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Wakati ni mmoja, namba ni tatu. Rubani mgeni anayeandika 0100 kwa kuwa kichwani ana "saa 1" amepanga kuruka saa 10 usiku.

Saa 11:15. Ukaguzi wa kuizunguka ndege. Yetu ni Cessna 208B, Caravan, injini moja ya PT6, tumbo lililoongezewa sanduku la mizigo kwa chini. Ninachungulia mafuta ya injini, matairi, ncha za propela kama zimeng'olewa na kokoto, kisha nakinga mafuta kidogo kutoka kila koki ya chini kwenye chupa ya kioo. Maji yakiwemo hukaa chini kama shanga. Halafu natoa vifuniko vya mirija ya pito, ile inayopima mwendo. Dondora wa pwani hii wakikuta tundu wazi wanaligeuza nyumba ya udongo, na mchana mmoja unawatosha. Februari 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini muda mfupi baada ya kupaa kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu 189 wakafa. Mrija mmoja wa pito ulikuwa umeziba, na waliochunguza waliwashuku wadudu wa jamii hiyohiyo. Kifuniko chenyewe ni kipande cha turubai na utepe mwekundu.

Saa 12 asubuhi, mizani.

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu hawapajui. Uzito wa juu wa kupaa wa ndege hii ni kilo 3,969. Yenyewe tupu ni 2,190. Marubani wawili na mabegi yao, 155. Mafuta ya kutufikisha Pemba, Unguja na Dar pamoja na akiba, kilo 420, yaani kama lita 525. Inabaki 1,204 ya mzigo. Mgeni wa kazi hufunga hesabu hapo na kushangilia. Lakini uzito wa juu wa kutua ni 3,856, na kutoka Tanga hadi Pemba ni dakika kama 22 tu, tunachoma kilo 70 hivi. Ukipaa na 3,969 utafika Pemba na 3,899, umezidi kwa 43. Kwa hiyo mzigo wa kweli wa safari hii ni kilo 1,161. Safari fupi inabana kuliko ndefu. Jambo hilo lieleze dirishani kwa mteja mwenye haraka uone.

Leo manifesti, yaani orodha ya mizigo, inasema kilo 1,150. Dawa za binadamu, vipuri vya pikipiki, mabunda ya vitenge, nyaraka, masanduku 6 ya vifaranga wa siku moja waliofika usiku na basi la Dar mpaka stendi ya Kange, na injini ya boti ya nguvu farasi 15 inayokwenda Wete.

Injini ya boti.

Mwenyewe kaja nayo kwenye kirikuu, imefungwa kwenye kreti la mbao. Shikamoo, marahaba, tunaipandisha mizani. Ameandikisha kilo 36. Mizani inasema 54.

"Mwanangu, mizani yenu mbovu. Kitabu cha mashine kimeandika 36."

Kitabu hakikosei. Ila kitabu kimepima injini peke yake. Hakikupima kreti, wala tangi la mafuta lililochomekwa pembeni, mpira wake, propela ya akiba na kopo la oili. Napanda mwenyewe mizani, 71, anaona. Anakubali shingo upande, anataka kulipa, basi yaishe. Nami nainama kunusa.

"Mzee, hii ina petroli."

"Petroli itoke wapi? Tangi nimemwaga jana, mashine imelala wiki nzima."

Tangi kweli kavu. Lakini petroli ya injini ya boti haikai kwenye tangi pekee. Inabaki kwenye mpira, kwenye pampu ndogo, kwenye chujio, na zaidi kwenye bakuli la kabureta. Ndege hii haina kabini ya kubana hewa. Tukipanda, hewa ya nje inapungua mgandamizo, mvuke uliofungiwa mle unatafuta njia ya kutoka, na unatokea kwenye chumba kilekile tulichokaa sisi na redio na swichi zetu. Sheria za mizigo ya hatari zinadai mfumo wote wa mafuta umwagwe, na anayeweka saini kwamba umemwagwa ndiye atakayeulizwa.

Basi kazi inaanza, mbali na ndege, chombo cha kukingia chini. Fungua kreti. Simamisha injini wima. Chomoa mpira, uminye mpaka utoke hewa tupu. Toa skrubu ndogo chini ya bakuli la kabureta. Hiyo ndiyo watu wanayoisahau. Leo imetoka robo kikombe, rangi ya samawati na oili. Mzee anaiangalia kama haijui. Vuta kamba ya kuwashia mara tano sita, plagi zikiwa zimechomolewa, kusukuma kilichobaki. Acha wazi ikauke. Kaza, futa, nusa tena. Dakika 40 zimekwenda, na kapteni amepita mara mbili bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Wakati huohuo vifaranga wako kwenye kivuli cha bawa, na kivuli kinahama. Sanduku moja lina vifaranga 100 katika vyumba vinne vya 25. Njaa si tatizo lao, kiini cha yai kilichobaki tumboni kinawatosha siku mbili tatu. Kinachowaua ni joto. Wakianza kuhema midomo wazi na kutawanya mabawa, una dakika chache za kutenganisha masanduku ili upepo upite katikati. Nimeyatenganisha mara mbili. Kirikuu cha injini bado kipo, mwenye nacho anauliza kama nauli itapunguzwa kwa sababu petroli imetoka.

Jumla mpya mizanini, 1,187. Kilo 18 ni za injini. 19 nyingine ni za kila mtu aliyepunguza kilo moja, mbili. Tumezidi 26. Dawa hazibaki, vifaranga hawabaki. Linabaki bunda moja la vitenge, kilo 28, na mimi ndiye wa kumpigia mwenye vitenge.

Kupakia kuna mpangilio. Nguzo ya mkia iwekwe kwanza, maana ukijaza nyuma kabla ya mbele Caravan inakaa kitako kama mbwa. Injini ya boti inakaa mbele, karibu na mabawa, juu ya ubao mpana ili uzito usikite sehemu moja ya sakafu, mikanda minne. Eneo la mwisho nyuma halizidi kilo 145. Vifaranga mwisho, karibu na mlango, ili washuke kwanza. Wavu juu ya kila kitu isipokuwa wao. Kisha toa nguzo ya mkia. Andika kwamba umeitoa.

Saa 2 kasoro. Shati jeupe. Betri inasoma volti 24 na ushee, starta inalia, mzunguko wa injini unapita asilimia 12 na kutulia, ndipo mafuta yanafunguliwa. Jicho langu liko kwenye joto la injini. Likikimbilia nyuzi 1,090 naita, kapteni anakata mafuta palepale. Betri dhaifu ndiyo inayounguza injini, kwa sababu haizungushi upepo wa kutosha. Leo limeishia 740. Tumepaa.

Mkondo wa Pemba dakika hizo 22, jaketi za kuokolea zimevaliwa. Chake Chake, vifaranga wameshuka wote wakilia, injini ya boti imeshushwa na watu wanne, Unguja, Dar.

Dar ni kusubiri. Lori la mafuta, karatasi, mzigo wa kurudi uliokwama mahali. Jua la mchana, sakafu inachoma kupitia soli. Vijana wenye mafaili hupita hapa kuulizia kazi. Leseni ya biashara wanayo, saa 200, cheti cha afya daraja la 1, Kiingereza kiwango cha 4. Makampuni yanataka saa 500 na zaidi, kwa sababu bima inataka. Njia inayofanya kazi ni kuingia kwa mlango wa mizigo: kubeba, kupima, kujaza manifesti miezi kadhaa, hadi siku kiti cha kulia, cha msaidizi, kikiwa wazi, jina lako liko karibu. Asiyejua kufunga wavu haitwi.

Kuondoka tumesimama nyuma ya ndege kubwa. Sisi ni wepesi, yeye mzito, mnara unatuhesabia dakika 2 ili dhoruba ya mabawa yake itulie.

Tanga tena, jioni, sijaangalia saa. Bunda la vitenge bado lipo ofisini, mwenyewe pia. Injini iachwe ipoe kama dakika 40, kisha inapigwa maji safi ndani huku starta ikiizungusha bila kuwashwa, sekunde 30 halafu inapumzika, kwani chumvi ya bahari inakula mapanga ya kompresa. Propela inafungwa kamba isizungushwe na upepo. Vifuniko vya pito vinarudi.

Kitabu cha saa najaza nimekaa kwenye kreti tupu. Angani, saa 2 na dakika 1. Kazini, 14. Na kwa kuwa Caravan imeidhinishwa kwa rubani mmoja, Kiambatisho cha 1 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kinasema saa za msaidizi, pale nchi inapomtaka awepo, kwa kawaida zihesabiwe si zaidi ya nusu kuelekea leseni ya juu. Leseni hiyo inataka 1,500. Leo nimepata moja.