ACP imekufa, ila Lifeline bado ipo

Jamani tangu ACP ife, ule mpango wa serikali wa kupunguzia kaya za kipato kidogo bili ya intaneti, bili ya intaneti ya nyumbani imenikaba koo. Zile dola 30 za punguzo kwa mwezi tulishazizoea, kaya zaidi ya milioni 23 hapa Marekani zilikuwemo, halafu Juni 2024 hela zikaisha na mlango ukafungwa hivyo hivyo. Kilichobaki ni Lifeline, punguzo lingine la serikali kwa bili ya simu au intaneti, hadi dola 9.25 kwa mwezi, ndogo najua lakini si haba, na iko tangu 1985 enzi za simu za mezani, intaneti wamekuja kuiongeza 2016. Ukiwa kwenye SNAP (msaada wa chakula), Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) au SSI (malipo ya wazee na walemavu wenye kipato kidogo) unaingia, au kipato kisizidi asilimia 135 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Mimi mara ya kwanza walinikataa kisa jina kwenye fomu halikufanana na la kitambulisho, herufi moja tu! Liandike kama lilivyo pale hata kama walikosea wao. Halafu punguzo ni moja kwa kaya, huwezi kuchukua la simu na la intaneti mbali mbali, na kila mwaka wanahakiki upya, barua yao ukiipuuza wanakukata.