Chumba kinachosinyaa: Sidney Lumet kazini

Ukitaka kumwelewa Sidney Lumet, mwongozaji wa filamu wa Marekani, weka filamu yake 12 Angry Men (1957), zima sauti, kisha tazama dari. Mwanzoni haipo. Katikati huenda bado ukaikosa. Theluthi ya mwisho ikifika, imeshakaa juu ya vichwa vya watu, na chumba kilekile wanamobishana raia 12 wa baraza la mahakama (jury) juu ya uhai wa kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji kinaonekana kimesinyaa.

Mbinu zilikuwa mbili, zikienda sambamba. Ya kwanza ni kimo cha kamera: theluthi ya kwanza ilipigwa kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, ya pili ikashushwa usawa wa macho, ya tatu ikawekwa chini ikitazama juu, na hapo ndipo dari inapoingia kwenye picha. Ya pili ni lenzi. Alianza na za kawaida, milimita 28 hadi 40, akapanda hadi 50, 75, kisha 100. Lenzi ndefu hubana pembe na kuuleta ukuta wa nyuma mgongoni mwa mtu. Kwa wale wapigapicha wasiopitisha kitu bila hoja: ndiyo, kinachobadilisha taswira ni umbali wa kamera, si kioo chenyewe. Ila umbali huo unalazimishwa na lenzi. Kwenye filamu ya milimita 35, kumpata mtu kuanzia kifuani kwa lenzi ya 28 unasimama kama mita 1 mbele yake. Kwa ya 100 unarudi nyuma kama mita 3 na nusu. Chumba halisi chenye meza kubwa katikati hakikupi nafasi hiyo, mgongo utagonga ukuta kwanza. Ndiyo maana kazi za namna hii hufanyika kwenye seti yenye kuta za kuondoleka.

Shoti ya mwisho, watu wakitoka mahakamani, ilipigwa kwa lenzi pana kuliko zote zilizotangulia, na kamera ikiwa juu kuliko ilivyowahi kuwa. Mtazamaji anashusha pumzi na hajui nani kamfanyia hivyo.

Upande wa hesabu sasa. Filamu iligharimu takriban dola 340,000 na ilipigwa kwa siku kama 19. Hiyo ilikuwa filamu ya kwanza ya Lumet. Henry Fonda alikuwa nyota na mtayarishaji, pamoja na Reginald Rose aliyeandika skripti. Siri ya siku 19 ni taa. Kamera ikigeuka kutazama ukuta mwingine, taa zote huhamishwa, na kuzipanga upya kunakula saa nyingi. Kwa hiyo Lumet na mpigapicha wake, Boris Kaufman, waliwasha taa za upande mmoja na kupiga kila kilichotakiwa upande huo, mwanzo wa filamu hadi mwisho wake, kiti kimoja baada ya kingine, ndipo wakageuza. Pale Fonda anapotupiana maneno na Lee J. Cobb, unachokiona ni watu wawili waliopigwa siku saba au nane mbali.

Jaribu mbinu hiyo bila maandalizi uone inavyovunjika. Jasho la shati ni la kwanza kukusaliti: limefika kwapani kwenye shoti hii, kwenye jibu lake shati limekauka. Halafu hasira. Mwigizaji anatakiwa kujibu ukali uliopigwa wiki iliyopita, na kama hakumbuki ulikuwa ukali wa kiasi gani, mmoja atafoka na mwingine atanong'ona. Macho nayo. Watu 12 kwenye meza moja ni jozi nyingi za macho. Ukikosea mtu atazame kushoto au kulia kwa lenzi, wahariri watapokea watu wawili wanaogombana huku kila mmoja akiongea na mtu mwingine.

Kinga ya Lumet ilikuwa wiki mbili za mazoezi kabla ya siku ya kwanza ya kamera, na akaishika desturi hiyo maisha yake yote. Siku mbili tatu za mwanzo ni mezani, kusoma na kuhojiana kuhusu skripti. Baada ya hapo sakafu inabandikwa tepu za rangi kwa vipimo halisi vya seti: mlango hapa, ukuta hapa, kitanda hapa. Waigizaji wanatembea ndani ya mistari hiyo hadi kila hatua ijulikane. Siku za mwisho anaitwa mpigapicha kuketi na kutazama filamu nzima ikichezwa tangu mwanzo. Ukumbi alioutumia sana ulikuwa wa Ukrainian National Home, Second Avenue, New York, kati ya mtaa wa 8 na wa 9. Ukumbi wa kawaida wa ghorofani, hauna lolote la kifahari.

Mazoea hayo aliyaokota jukwaani na kwenye televisheni. Alizaliwa Philadelphia tarehe 25 Juni 1924, baba yake, Baruch Lumet, akiwa mwigizaji wa maigizo ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na Sidney mwenyewe akapanda jukwaani New York akiwa mtoto mdogo. Vita vikaja, akahudumu jeshini 1942 hadi 1946 kama fundi wa rada, India na Burma. Mwaka 1950 akaingia kituo cha televisheni cha CBS kama msaidizi wa Yul Brynner, ambaye wakati huo alikuwa bado mwongozaji wa televisheni, kabla hajanyoa kile kipara kilichompa umaarufu kama mwigizaji. Michezo ilirushwa moja kwa moja. Hakuna kurudia, hakuna mhariri wa kukuokoa. Kamera ikiingia kwenye picha ya kamera nyingine, nchi nzima imeiona. Mwongozaji aliyelelewa humo anaingia studio ya filamu akiwa ameshaamua kila shoti, na haogopi saa.

Filamu ya 12 Angry Men haikufanya vizuri sokoni, ingawa ilichukua tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin na kuteuliwa Oscar mara tatu.

Kuna sentensi imezoeleka kwamba Lumet hakuwa na mtindo. Sikubaliani nayo hata kidogo, ila naelewa inatoka wapi: mtindo wake haufanani filamu moja na nyingine, kwa sababu alianza na swali la hii filamu inahusu nini, akaliweka jibu kwenye sentensi moja, kisha lenzi, taa na rangi zikaifuata sentensi hiyo. Chukua Prince of the City (1981), kuhusu mpelelezi wa polisi New York anayegeuka shahidi dhidi ya wenzake. Sentensi yake ilikuwa, kwa ufupi, kwamba hakuna kitu kilivyo kama kinavyoonekana. Kwa hiyo lenzi za kawaida, zile za karibu na jicho la mtu, zilipigwa marufuku. Pana sana au ndefu sana, basi. Mtaa uleule unaweza kuonekana mrefu maradufu au umebanwa kama akodioni. Mwanzoni mwanga ulikuwa nyuma ya waigizaji. Mwishoni ukabaki kwa watu tu na nyuma kukawa giza. Mbingu haionekani isipokuwa mara moja, mhusika anapofikiria kujiua. Na yote hayo kwenye lokesheni zaidi ya 100. Hata mtazamaji mmoja kati ya mia hataona lolote, na Lumet ndivyo alivyotaka.

Network (1976) inafanya hivyo kwa mwanga: inaanza usiku barabarani, mwanga wa kutosha tu kupata picha, na jinsi watu wa televisheni wanavyozidi kuoza, ndivyo mpigapicha Owen Roizman alivyozidi kuitia taa za bandia, hadi kikao cha kupanga kumuua mtangazaji kinang'aa kama tangazo la biashara.

The Pawnbroker (1964) ndiyo ya kuwapa wahariri. Rod Steiger ni mwenye duka la rehani New York aliyenusurika kambi ya Wanazi, na kumbukumbu anazozikataa zinampasukia. Wakati huo mafundi waliamini ubongo haushiki picha iliyo chini ya fremu 3 (fremu ni picha moja ya filamu), yaani sehemu ya 8 ya sekunde kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde. Lumet na mhariri Ralph Rosenblum wakajaribu fremu 4, wakashuka hadi 2, sehemu ya 12 ya sekunde. Ikashika. Wakawa wanairudisha picha ileile, kila mara ndefu kidogo, hadi kumbukumbu inaitwaa skrini nzima. Muziki ni wa Quincy Jones, kazi yake ya kwanza kwenye filamu kubwa ya Marekani.

Halafu kuna Dog Day Afternoon (1975), iliyotokana na uporaji halisi wa benki Brooklyn Agosti 1972. Hapa sentensi ilidai kila kitu kiaminike, kwa hiyo muziki wa filamu uliondolewa, ukabaki wimbo mmoja mwanzoni. Waigizaji wakavaa nguo zao. Na benki ikawashwa taa za mirija kama benki yoyote. Hadithi ni ya siku ya joto kali, ila upigaji ulisogea hadi vuli, na usiku pumzi zikaanza kutoka kama moshi. Dawa yake ilikuwa vipande vya barafu mdomoni kabla ya shoti, ili pumzi ipoe na isionekane.

Simu mbili anazopiga Al Pacino, anayecheza mporaji, ya kwanza kwa mpenzi wake Leon na ya pili kwa mkewe, ndizo za kutazama kwa makini. Zikiunganishwa zinakaribia dakika 15. Magazini ya kamera, yaani kasha la filamu, inabeba futi 1,000 za filamu, dakika 11 na sekunde chache. Ukikata katikati kubadilisha magazini, mwigizaji anapoa. Lumet akaweka kamera mbili, lenzi zikiwa karibu kadiri ilivyowezekana. Ya kwanza ikifika kama futi 850, ya pili inaanza kuzunguka. Pacino akamaliza zote mbili bila kukatwa, amechakaa. Na kabla hajaketi, Lumet akamwambia aanze tena, palepale. Pacino akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili, akaanza. Mara hiyo ya pili mwigizaji hakuwa na nguvu ya kuigiza uchovu, alikuwa nao. Ndiyo iliyomo kwenye filamu.

Mpango hauokoi kila kitu. The Wiz (1978), yenye Diana Ross na Michael Jackson, iligharimu karibu dola milioni 24 na haikurudisha. Lumet alizoea nyuso na vyumba. Hapa makundi makubwa ya wachezaji dansi yanapigwa kwa mbali, kamera imekaa nyuma kama inaogopa kuwaingilia, na miguu ndiyo inayopotea. Uzuri mmoja ni mwimbaji Lena Horne mwishoni, ambaye nje ya filamu alikuwa mama mkwe wa mwongozaji.

Aliteuliwa Oscar ya uongozaji mara nne (12 Angry Men, Dog Day Afternoon, Network na The Verdict) akatoka mikono mitupu zote nne. Akapewa ya heshima mwaka 2005. Waigizaji wake ndio walioondoka nazo. Network peke yake ilitoa tatu. Alifariki New York, 9 Aprili 2011.

Filamu yake ya mwisho, Before the Devil Knows You're Dead (2007), aliipiga kwa kamera za kidijitali akiwa amevuka miaka 80, wakati waongozaji wa nusu ya umri wake wakililia filamu ya seluloidi. Alishazijaribu kwenye televisheni. Zilimrudisha CBS ya 1950: kamera zaidi ya moja kwa pamoja, watu wawili wanaogombana wakipigwa kwa wakati mmoja, hakuna siku saba kati ya tusi na jibu lake. Na futi 1,000 hazikuwepo tena za kuhesabu. Wiki mbili za mazoezi hakuzigusa.