Kabureta ikivuja, pima floti kabla ya kununua gasketi

Kabureta ikianza kudondosha petroli, watu hukimbilia gasketi. Inapatikana, na bakuli la petroli la kabureta ya Bing 64 linafunguka ukisukuma kishikio kimoja tu cha waya. Lakini kwenye Rotax 912, injini iliyo kwenye ndege nyingi ndogo za kujiundia, mimi huanza kwingine: kwenye floti, yale maboya madogo yanayoelea ndani ya bakuli.

Juzi mzee mmoja mwenye ndege ya viti viwili aliniita hanga kwake, hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. "Fundi, gasketi nimeshabadilisha na bado inatoa."

"Mzee, kwanza tuone inatokea wapi."

Tulipangusa kila mahali kwa kitambaa, tukawasha pampu ya umeme peke yake, injini ikiwa imezimwa, tukachuchumaa na tochi. Ukingo wa bakuli ulibaki mkavu kabisa. Tone likachungulia kwenye mpira mwembamba wa hewa. Petroli ikipitia huko, bakuli limefurika: sindano, ile inayozuia petroli kuingia bakuli likijaa, haifungi. Gasketi haina kosa.

Sindano hukataa kufunga kwa sababu ya uchafu, mara nyingi kipande cha mpira kilichomeguka ndani ya bomba la mafuta, au pampu inasukuma kupita kiasi, au floti zimelewa petroli. Pampu tuliipima, haikuwa na neno. Nikashusha bakuli polepole bila kulimwaga. Floti moja ilikuwa inaelea vizuri, mwenzake amezama karibu yote. Kila moja hupanda kwenye kijiti chake na kuinua mkono unaofunga sindano. Ikinywa petroli inakuwa nzito, haiinui kitu. Zote mbili za kabureta moja, zikipanguswa na kupimwa pamoja, hazitakiwi kuzidi gramu 7. Kwenye mizani ndogo, kama ile ya sonara, zilisoma 7.8.

Mzee alikuwa pia na malalamiko ya injini kutetemeka ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kuongezwa mafuta, akailaumu hewa nyepesi ya Nairobi, maana Wilson iko juu ya futi 5,500. Lakini kabureta zote mbili zinavuta hewa ileile. Kila moja inalisha silinda mbili, na upande wa floti iliyozama ulikuwa unalishwa petroli nyingi mno. Mtetemo na tone vilikuwa ugonjwa mmoja.

Jambo hili silichezei kwa sababu bomba la moshi, lenye joto kali, liko chini ya kabureta. Ile trei ya kukinga matone haipo kwa mapambo. Puliza mpira wake wa kutolea petroli uone kama uko wazi. Nyigu wetu wanapenda sana kujenga humo.

Akaniuliza kama anaweza kuruka mara moja tu hadi Orly, kiwanja kidogo cha ndege nje ya Nairobi, huku tukisubiri floti mpya. Nikamwambia hapana, nikafunga koki ya mafuta. Na ukiagiza, agiza za kabureta zote mbili, kwa sababu zilizobaki zimekaa ndani ya petroli muda uleule.